Punda wa gari kaachwa njiani, nimemchukua, kwato na jicho vibaya. Nianzie wapi?

Kijana_wa_Mwera

Asalaam aleikum wanabaraza. Naomba msaada kwa anaejua mambo ya punda au farasi, na si utani, maana wengine humu kila kitu mnakifanya mzaha.

Kuna punda dume alokuwa anavuta gari ya mchanga na matofali huku kwetu Unguja, namjua muda kwa kuwa njia yake inapita mbele ya duka letu. Karibuni akawa anachechemea, halafu akawa haonekani kabisa, kumbe mwenyewe kamfungua gari kamwacha ajilishe pembeni ya njia kwa kuwa kazi hafanyi tena na kumlisha hataki. Nikenda nikaongea nae tukaelewana bei ndogo, mashahidi nimeweka na sheha anajua, kwa hiyo upande huo hamna tatizo. Sasa yuko uwani nyuma ya nyumba, kafungwa chini ya mwembe.

Hali yake ndo hii. Kwato za mbele zimerefuka mpaka ncha zinapinda kwenda juu, akisimama anaegemea visigino. Jicho la kushoto lina utando mweupe na linatoa machozi, mchana analifumba. Mbavu unazihesabu. Mgongoni pale panapokaa tandiko ana vidonda viwili, kimoja kimekauka na kimoja kibichi kina nzi. Kula anakula lakini anatema, unakuta vidonge vya majani yaliyotafunwa nusu vimedondoka chini. Na mwenyewe alisema alimtoa bara kwa chombo, lini hata yeye hakumbuki.

Mama anasema nimpe pumba kwa wingi apate nguvu, jirani anasema nimpake oili chafu kwenye kidonda, mwengine anasema kwato zikatwe zote siku moja kwa msumeno yaishe. Mie kwenye gari simrudishi, nataka awe mzima tu. Nianze na kipi? Na je anaweza kukaa peke yake?

Mzee_wa_Kibanda

Watu wanakula mlo mmoja wewe unafuga punda mgonjwa. Hongera zako. Punda asovuta gari ni hasara tupu, watafute watu wa ngozi wakupe chochote.

Ukhti_Mkoani

@Mzee_wa_Kibanda haya maneno mengine bora mtu anywe maji alale. Hao watu wa ngozi unaowasema biashara yao imeshapigwa marufuku, Februari 2024 marais wa Umoja wa Afrika walikubaliana pale Addis Ababa kuzuia kuchinja punda kwa ajili ya ngozi bara zima kwa miaka 15, maana zilikuwa zinachukuliwa kupelekwa China kuchemshiwa dawa yao wanaita ejiao na punda walikuwa wanakwisha mpaka watu wanaibiwa wa kwao usiku. Na mnyama aliekubebea matofali ya nyumba yako ana haki juu yako, hilo dini imeshasema, mie sina la kuongeza.

Kijana, Mungu akulipe. Punda kwa majani hana gharama kubwa, gharama yake ni ya mwanzo tu ukimwita daktari.

Bwana_Mifugo_Mstaafu

Waaleikum salaam. Nimefanya kazi ya mifugo miaka mingi, zaidi ng'ombe na mbuzi, lakini punda wa magari nimewashika sana pia. Ntakwambia ninavyoona mie na daktari atakaekuja atakwambia yake.

La kwanza kabisa ni pumba. Mama yako ana huruma lakini hapo usimsikilize. Mnyama aliekaa na njaa muda mrefu mwili wake umeshabadilisha namna ya kujiendesha, sasa ukimjazia wanga kwa ghafla insulini inapanda na madini yaliyomo kwenye damu, fosfeti na potasiamu na magnesiamu, yanakimbilia ndani ya seli, damu inabaki haina kitu na moyo unashindwa. Na hii haitokei siku ya kwanza, inatokea baada ya siku chache wakati wewe unashangilia kwamba anakula vizuri, asubuhi unamkuta kalala hanyanyuki. Kwa hiyo mpe majani makavu au majani ya kawaida, kidogo kidogo mara nyingi, kila baada ya saa nne hivi mchana mpaka usiku ukiweza, halafu unaongeza taratibu kwa wiki mbili tatu. Maji yawepo muda wote. Pumba muisahau kwa sasa, na hata akipona pumba nyingi inampa punda ugonjwa wa kwato, ile nyama ya ndani inayoshikanisha ukucha na mfupa inavimba na kuachia. Punda tumbo lake ni la mnyama wa jangwani, anataka majani magumu magumu yasiyo na utamu. Na huo mwembe embe zikianza kudondoka mtoe hapo.

Huko kutema vidonge ni meno. Meno ya punda hayaachi kuota, na yasipolingana yanatoa makali pembeni yanachana ulimi na mashavu, kutafuna kunauma, anatema. Daktari ana tupa yake ya kusawazishia na kifaa cha kumfungulia kinywa, usiingize mkono wako mle, utatoka huna kidole. Mpaka hapo majani mkatie mafupi mafupi na uyaloweke.

Pia chukua hili ulishike: punda akikataa kula siku nzima, siku hiyo hiyo piga simu. Usiseme ntamwangalia kesho. Yeye akiacha kula mafuta ya mwilini yanayeyuka yanamwagika kwenye damu mpaka ini linashindwa, na wanaokufa ni wengi. Farasi akiumwa tumbo anagaagaa na kupiga teke kila mtu anaona, punda anasimama tu kimya kichwa chini, watu wanasema katulia, kumbe ana maumivu makubwa.

Kidonda: chemsha maji, yakipoa tia chumvi kijiko kimoja cha chai kwa nusu lita, chukua bomba la sindano bila sindano yenyewe usukumie maji kwenye kidonda mpaka uchafu utoke wote. Hivyo tu, kila siku. Oili chafu ina sumu na inaunguza nyama changa, maji ya betri ndo usiseme, na kuchoma moto kwa chuma hakutibu kitu. Kufukuza nzi unaweza kuponda majani ya mwarobaini ukapaka pembeni ya kidonda, si ndani. Kuna nzi wanaacha vijidudu vya minyoo kwenye kidonda kikawa hakifungi miezi, kinaota nyama nyama nyekundu yenye chenga chenga za manjano, ukiona hivyo mwambie daktari ampige aivamektini, dawa ya minyoo. Na chanjo ya pepopunda aulize mapema, maana jamii ya punda na farasi wanaipata kwa wepesi kuliko wanyama wengi na yule kwato zake na mgongo wote ni milango.

Kuhusu kutoka bara: mwambie daktari achukue damu. Sisi Unguja mbung'o, wale nzi wanaoambukiza nagana, ugonjwa wa damu unaokondesha mnyama, tulishaondokana nao, nilikuwa kijana kazini wakati ule ndege inapita inamwaga mbung'o madume waliotiwa mionzi wasiweze kuzalisha, wakifugwa Tanga kwenye kituo wakiletwa huku kwenye maboksi, kazi ilianza 1994, mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa 1996 na mwaka uliofuata kisiwa kikatangazwa kimesafishika. Watu wa Jozani na vijiji vya kule wanakumbuka ng'ombe walivyokuwa wanakonda na kufa. Lakini mnyama akija na ugonjwa ndani ya damu anaweza kukonda miaka na wewe unadhani ni njaa tu. Kupe nao wana homa yao.

Dawa za maumivu za binadamu usimpe. Hata za farasi daktari lazima ajue anampa punda, kuna dawa punda anaitoa mwilini haraka kuliko farasi kwa hiyo vipimo na saa vinabadilika.

Gari_Chuini

Mimi navuta gari ya punda mpaka leo na najibu kama dereva, nisije nikaambiwa tunawatesa wote. Vidonda vya mgongo vinatokana na gari, punda hana kosa. Gari la magurudumu mawili mzigo lazima ukae juu ya ekseli, ukisogea mbele ile miti miwili inamkandamiza mgongoni njia nzima, ukirudi nyuma mkanda wa tumboni unapanda juu unamkaba. Watu wanapakia mchanga wanajaza mbele kwa kuwa ndo rahisi kumwagia beleshi, wanaondoka. Halafu kamba ya plastiki, ile ya bluu ya madukani, kata uitupe. Mkanda wa kifua uwe mpana vidole vinne au zaidi, wa turubai au wa kitambaa kilichokunjwa, ukae chini ya koo pale kwenye mfupa wa bega, na tandiko chini yake uwe na godoro kuukuu ndani ya gunia. Punda wangu hana alama hata moja njoo uone.

Kwato sasa. Msumeno hapana!! Ndani ya ukucha kuna nyama hai na damu, ukikata yote siku moja unaikuta nyama na hata usipoikuta ile mishipa ya nyuma ya mguu imeshazoea kuvutika vile, ukiibadilisha ghafla atashindwa kusimama. Sie tunapunguza kidogo kwa koleo na tupa, unamwacha wiki kadhaa, unapunguza tena, mpaka inarudi. Akishakaa sawa unamtengeneza kila wiki sita mpaka kumi. Ukucha wa punda umesimama zaidi ya wa farasi usije ukaangalia vidio za farasi ukamlaza kwato. Kabla hujamgusa shika ukucha kwa mkono, ukiwa wa moto na mshipa wa nyuma juu ya kwato unadunda kwa nguvu basi acha, mwite daktari kwanza.

Na msimtie kwenye tope. Masika hii akisimama chini ya mwembe kwenye maji maji kwato zinalainika zinaoza kwa chini, utasikia harufu kabla hujaona. Mwagia changarawe au mchanga mkavu sehemu ya kulala na umwezekee makuti, hata dogo.

Kijana_wa_Mwera

Ahsanteni sana jamani, pumba nimeshaitoa, mama kanuna. Ukucha wa kulia mbele una joto kidogo kuliko mwengine. Daktari wa wilaya kasema anakuja. Jicho je?

Bwana_Mifugo_Mstaafu

Joto upande mmoja linaweza kuwa jipu ndani ya kwato, akilifungua likatoka usaha utashangaa anavyotembea kesho yake. Mwambie akija aanze hapo.

Jicho: utando mweupe wa zamani usiouma hauna neno, anaishi nao. Lakini wewe umesema analifumba mchana na machozi yanatoka, hayo ni maumivu. Usimtie dawa yoyote ya macho uliyobakiwa nayo ndani ya nyumba, kuna dawa zina steroidi, kama jicho lina kidonda zinalitoboa. Daktari anatia rangi fulani ya kung'ara kuangalia kama kuna mkwaruzo. Kuna ugonjwa mwengine wa jicho kuvimba kwa ndani unakwenda unarudi, farasi wengi duniani wamepofuka kwa huo, na ukiwahiwa unatulizwa. Na ikiwa jicho limeshakufa na bado linauma bora litolewe, sikuogopi kukwambia, anaishi vizuri na moja. Ila muendee upande wa jicho zima na uongee kabla hujamgusa, na ndoo ya maji isihamehame.

Mpemba_Pennsylvania

Salaam kutoka mbali. Mie mtu wa Wete lakini nipo Marekani na kibarua changu ni kwenye zizi la kuokolea farasi wa kuvuta, nimeingia humu kwa kuona neno punda nikacheka nikasoma yote.

Huku kuna watu wanaitwa Amish hawatumii matrekta, wanalima na farasi wakubwa wa Kibelgiji na Percheron, mmoja kilo 800 mpaka 1000, mguu wake ukikukanyaga ndo umeaga. Farasi akishakuwa mbovu anapelekwa mnadani, na machinjio ya farasi hapa yalifungwa 2007 lakini wanunuzi bado wapo, wanawapakia malori wanawavusha Mexico au Kanada. Zizi letu linawanunua baadhi pale pale, kipofu, mwenye miguu mibovu, mzee asie na meno, wale ambao hakuna mtu mwengine anaewataka.

Alichosema mzee kuhusu pumba huku ndo sheria ya kwanza, tena farasi hawa wana shida zaidi. Wengi wa hao Wabelgiji na Percheron wana tatizo la kurithi kwenye misuli, sukari inajihifadhi vibaya, ukimpa nafaka nyingi halafu ukamfungia, siku ya kumtoa misuli inakakamaa kama mti, jasho linamtoka, mkojo unakuwa rangi ya kahawa. Zamani Ulaya waliuita ugonjwa wa Jumatatu kwa kuwa farasi alikuwa anapumzika Jumapili na chakula chake kile kile, akifungwa gari Jumatatu anaanguka. Wetu tunawatoa nafaka kabisa, nguvu wanaipata kwenye mafuta ya kupikia tunayowamwagia juu ya majani yaliyolowekwa, na kila siku lazima watembezwe, kumfungia bandani ndo kumuua.

Kuna mwengine ana miguu ya nyuma imevimba ngozi imekunjana mikunjo mikunjo na vinundu. Haiponi ile, unaituliza tu, unanyoa manyoya yote ya mguuni, unaua utitiri unaojificha mle, unaosha, unakausha kila mkunjo kwa taulo mpaka vidole vyako vinanuka salfa wiki nzima, halafu bendeji ya kubana. Watu wa kwetu walioona wazee wenye matende wataelewa nnachosema, na kazi ni ile ile ya kuosha na kukausha.

Mzito akilala chini bila kunyanyuka ni balaa, uzito wake mwenyewe unaua misuli na mishipa ya fahamu ya upande aliolalia, tunamgeuza kila baada ya saa chache, watu sita na kamba. Wewe punda wako kilo 150 hivi mshukuru Mungu, mnaweza kumnyanyua watu wanne na gunia pana chini ya tumbo.

Lengine, mgeni yeyote hapa anatengwa wiki tatu kabla hajachanganywa na wenzake, minadani kuna ugonjwa wa majipu ya tezi chini ya taya unaambukiza kwa ndoo na kamba na mikono. Punda pia wanaupata. Kwa hiyo kama jirani ana punda, ndoo zisichanganywe.

Mzee_wa_Kibanda

Huyo farasi wa kilo 1000 anakula mafuta ya kupikia wakati hapa lita imepanda. Dunia hii.

Mpemba_Pennsylvania

@Mzee_wa_Kibanda mzee wangu hata mie siku ya kwanza nilisimama na lile galoni mkononi nikamkumbuka mama yangu anavyopima kwa kijiko. Lakini ndo wanaonilipa mshahara unaofika Wete.

Ukhti_Mkoani

Swali la kukaa peke yake hamjamjibu.

Gari_Chuini

Peke yake hapana. Punda akizoea mwenzake akimkosa anaacha kula, na mzee hapo juu keshasema akiacha kula kinachofuata. Huyu alikuwa wa gari moja, anaweza asiwe na mwenzake alomzoea, lakini anahitaji mnyama wa kukaa nae. Mbuzi wanasaidia kwa kuanzia, ila mbuzi asile kamba yake. Punda na punda ndo bora.

Kijana_wa_Mwera

Daktari kaja leo. Lilikuwa jipu kweli, kachimba kidogo chini ya ukucha ukatoka usaha mweusi unanuka mpaka watoto wakakimbia, kafunga mguu na pamba na juu yake mfuko wa saruji na utepe wa gundi isiingie tope. Kapiga pepopunda, kachukua damu, kwato kazipunguza kiasi cha kidole. Meno atarudi na tupa yake. Jicho kasema halina kidonda, kaacha dawa. Analo jina sasa, watoto wamemwita Mzee Saruji.

Kuhusu mwenzake, nani anajua pa kumpata punda mzima asiekuwa ghali?

Mtu_wa_Konde

Mie n'na jike mzee huku Konde, Pemba, hafanyi kazi tena, macho mazima meno yamechakaa. Nakupa bure ukija na kibali cha mifugo na nauli ya chombo uilipe wewe. Mpole, watoto wanampanda.

Kijana_wa_Mwera

Wallahi? Nakutumia ujumbe sasa hivi.

Bwana_Mifugo_Mstaafu

Ngoja kwanza kijana. Huyo wako ni dume na hajahasiwa, hukusema kahasiwa. Sasa hivi kumhasi haiwezekani, hana mwili wa kuvumilia kisu, mpaka ashike nyama na chanjo ikamilike. Na akishahasiwa bado mbegu zinabaki wiki kadhaa. Kwa hiyo ama weka uzio wa nguvu katikati waonane tu na wasikiane, ama huyo wa Konde asubiri. Mimba ya punda ni mwaka mzima na zaidi, na jike mzee meno yamechakaa hutaki azae mikononi mwako.

Mtu_wa_Konde

Asubiri tu, majani yapo. Nimtafutie kibali polepole.